Mafundi Wasiofundishwa wa Rudewa

Gari la waya haliburutwi kwa kamba. Anayelijua hulisukuma kwa fimbo ndefu inayomfikia kifuani, amesimama wima nyuma yake, mikono yote miwili kwenye usukani wa duara. Hainami, hashiki bodi, hatazami matairi. Akizungusha usukani kushoto, ekseli ya mbele, iliyo chini kabisa na mbali naye zaidi ya mita moja, inageuka kushoto, akinyoosha, inanyooka. Kwa miaka mingi watu wazima wamepishana na watoto wa namna hiyo katika njia za vumbi za Rudewa, na wengi wamepita bila kugeuza shingo. Hawakujua kwamba wamepishana na fundi.

Fundi huyo hakufundishwa. Hakuna kitabu cha shule kilichomchorea gari lake, hakuna mradi uliomletea vifaa, na baba yake hakukaa naye chini kumwonyesha. Aliona gari la mwenzake likipita, basi. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe, na ajabu yote ya kazi hii imo katika hayo aliyoyakuta.

Chukua pale fimbo inapokutana na ekseli. Fimbo inashuka mshazari kutoka kifuani. Ekseli inatakiwa igeuke huku imelala sambamba na ardhi. Vitu viwili hivyo havipatani. Mtoto anayeunda gari lake la kwanza huvifunga pamoja kwa nguvu, akiamini kwamba kukaza ndiko kuimarisha. Anazungusha usukani, tairi moja linanyanyuka hewani na jingine linachimba mchanga. Anakaza zaidi, mambo yanazidi kuharibika. Mpaka siku ambayo waya unalegea wenyewe, naye anaona gari linakata kona vizuri kuliko jana. Hapo anaelewa kwamba kiungo kinataka nafasi. Anakunja kulabu mwishoni mwa fimbo, anakunja kitanzi juu ya ekseli, anaviacha vishikane bila kubanana, na gari linatii. Mafundi wa malori wanamjua ndugu wa kiungo hicho kwenye propela, na wahandisi wana hesabu zake. Mtoto amekipata kwa vidole vilivyochubuka.

Baada ya hapo gari lenyewe ndilo linaloamua somo linalofuata. Likiwa tupu haligeuki kwenye mchanga. Matairi ya mbele yanateleza kwenda mbele hata kama usukani umezungushwa wote. Mtoto analibebesha jiwe, na analiweka nyuma kwa sababu malori hubeba mzigo nyuma, nalo linazidi ukaidi. Jiwe likihamia juu ya ekseli ya mbele, gari linakata kona. Matairi yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu yanayumba mpaka tundu litobolewe kwa waya uliochomwa motoni, katikati kabisa, kwani tundu la kukata kwa wembe hupanuka kila siku. Tairi linalosugua bodi linatulizwa kwa kishikizo kidogo cha ndala hiyo hiyo. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikifungwa kati ya chesesi na ekseli, gari linapita kwenye mashimo bila kumwaga mzigo.

Halafu kuna tela. Hili lastahili kusemwa peke yake, kwa maana hapo ndipo akili ya mtoto inapogeuzwa juu chini. Tela likienda mbele halina neno, linafuata. Mtoto akitaka kurudi nyuma, kila anachokijua kinakuwa kinyume: anapeleka usukani kushoto, tela linakwenda kulia, anarekebisha, linajikunja na kulala ubavuni. Madereva wa semitrela wanaopita barabara ya Morogoro na Dodoma waliumizwa kichwa na jambo hilo walipokuwa wanajifunza kazi. Mtoto wa miaka tisa au kumi akikaa nalo jioni nzima hulipata: geuza kwanza upande usioutaka, kisha lifuate polepole. Hawezi kulieleza kwa maneno. Mwulize naye atakwambia angalia, halafu atarudisha tela lake kati ya mawe mawili.

Rudewa iko kaskazini mwa mji wa Kilosa, kwenye barabara inayokwenda Dumila. Ni nchi ya Wasagara na Wakaguru, lakini mkonge uliwaleta watu wa makabila mengine mengi, na mkonge huo huo ndio uliowapa watoto wao mali ya kuundia. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na humo ukatoka mkonge uliotandazwa Tanga, Morogoro, mpaka Kimamba na Rudewa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Kisha nailoni ikaingia sokoni, bei zikaanguka, mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mengi yakamezwa na vichaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya kilimo kutoka China ilianza kulima tena mkonge Rudewa.

Historia hiyo huandikwa kwa tani na kwa majina ya wenye mashamba. Yaliyoanguka chini hayakuandikwa: vipande vya waya, misumari, makopo ya grisi, ringi, matairi yaliyochakaa ambayo yakichomwa huacha nyaya nyembamba na ngumu. Na milingoti. Mkonge huishi miaka kumi hivi, ukatoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, mara nyingine mita tano au sita, kisha ukafa. Kwa mwenye shamba, mlingoti ni dalili kwamba mmea umemaliza kazi. Kwa mtoto, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mlingoti uliokauka ni mwepesi kupita miti mingi ya unene wake. Ganda lake ni gumu, kiini chake ni laini, kisu cha jikoni kinapita, msumari unaingia kwa kusukumwa na jiwe. Mtoto anadhani amepata mbao ya bure, na kwa bodi ya gari ni kweli. Akikata vipande vya duara kufanya matairi, hata hivyo, anagundua kwamba ekseli inakula kiini. Baada ya mwendo mfupi tundu limekuwa kubwa na gari linatembea likichechemea. Wengine wanauacha mlingoti na kurudi kwenye ndala. Wengine wanachomeka kipande cha mrija wa kalamu iliyokwisha wino ndani ya tundu, ekseli ikapita humo, na kiini hakiguswi tena. Hiyo ni bushi, kama ile ya gereji, na aliyeichomeka hajawahi kuingia gereji.

Mmea huo una siri nyingine. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi, mgumu na mkali. Ukiukata kidogo pembeni na kuuvuta taratibu kwenda chini, singa zinafuata, na mkononi unabaki na sindano iliyokwisha kutiwa uzi. Anayevuta kwa pupa hupata mwiba mtupu. Anayevuta jani bichi na kujipangusa usoni hujifunza kwamba majimaji yake yanawasha, na hilo hujifunza mara moja tu.

Na huko mtoni kuna mchanga. Wilaya ya Kilosa inajua vizuri mito yake ina uwezo gani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Maji yakipungua, mchanga unabaki, na watoto wanaingia kazini. Nyumba ya kwanza ni ya mguu: unachomeka mguu, unaufukia kwa mchanga, unaupigapiga kwa viganja, unachomoa polepole. Mchanga mkavu unaanguka papo hapo. Uliolowa sana unatiririka. Kuna ubichi wa katikati ambao hauna kipimo, unajulikana kwa kiganja tu, na huo unasimama. Tena kuna ajabu: ukiongeza mchanga juu ya paa na kuukandamiza, nyumba haianguki, inazidi kukaza. Mtoto aliyezoea kuona kwamba uzito huangusha anakutana na umbo la upinde, ambalo uzito hulisaidia. Majengo ya mawe ya Kilwa Kisiwani yamesimama karne nyingi kwa siri hiyo hiyo.

Wakichoka na nyumba wanachimba mifereji. Wanaona maji hayapendi kunyooka, yanakula ukingo wa nje wa kona na kulaza mchanga ukingo wa ndani. Wanajenga bwawa, linavunjika katikati; wanajenga nene zaidi, linavunjika pembeni, pale lilipokutana na ukingo. Bua la jani la mpapai, ambalo ndani ni tupu, linakuwa bomba. Likijazwa maji, likazibwa kwa dole, likapitishwa juu ya ukuta wa bwawa na kuachiwa upande wa chini, maji yanapanda ukuta yenyewe na kushuka ng'ambo. Mtoto anayeliona hilo kwa mara ya kwanza huwaita wenzake wote.

Watu wa teknolojia wana jina lao kwa michezo ya kompyuta isiyo na mshindi wala amri, ambayo mchezaji hupewa vitu na kuachwa ajenge atakavyo: wameifananisha na sanduku la mchanga. Maarufu kuliko yote ni Minecraft, ulioanzishwa mwaka 2009 na Msweden Markus Persson, ukatoka rasmi mwaka 2011, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Miaka yake ya mwanzo mchezo huo haukuwa na maelezo karibu yoyote ndani yake, na pengine hiyo ndiyo siri ya nguvu yake. Mchezaji aliwekwa porini, jua likizama, ajitafutie.

Waliyoyapata wachezaji yanasisimua. Waligundua kwamba ukiweka maji katika pembe mbili zinazokabiliana kimshazari za shimo dogo la mraba, shimo linajaa na halikauki hata uchote milele. Waligundua kwamba mlango ukisimamishwa chini ya ziwa unaacha nafasi ya hewa, na mzamiaji anaweza kupumua humo. Kitanda ukikilalia katika dunia ya moto iliyomo mchezoni kinalipuka, na wachezaji, badala ya kukiogopa, wakakifanya baruti ya kuchimbia madini adimu. Lililo zuri kuliko yote ni la pistoni. Kwa sababu ya hitilafu katika programu, pistoni hupokea umeme uliofikishwa mahali patupu juu yake, bila waya kuigusa. Wajenzi wakaona, wakaijengea mitambo, milango ya siri, hata mashine za kukokotoa. Watengenezaji nao wakaiacha hitilafu ibaki katika toleo la awali la mchezo, kwani kuiondoa kungebomoa kazi za watu wengi mno. Kosa likawa kanuni, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kulifanyia ufundi.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, liliungana na waundaji wa Minecraft ili wakazi wa mijini wautumie mchezo huo kupanga maeneo yao ya wazi. Miongoni mwa miradi ya mwanzo ilikuwa uwanja wa Silanga, huko Kibera. Watu ambao hawajawahi kusoma ramani ya msanifu waliweza kusogeza kuta, kupanda miti, kuhamisha njia, na kubishana juu ya kitu wanachokiona.

Yote hayo yastahili heshima. Furaha ya mchezaji anayeona pistoni ikisogea bila kuguswa ni furaha ile ile ya mtoto wa mtoni anayeona maji yakipanda ukuta. Ila dunia ya kioo ina upungufu ambao mtoto wa Rudewa angeung'amua mara moja. Mle ndani ukikata shina la mti, matawi yanabaki yakining'inia hewani. Mchanga unasimama wima mpaka mawinguni, uwe mkavu au mbichi, kwani ubichi haupo. Waya hauchomi kidole. Hakuna kiganja kinachojifunza kitu. Na kila kinachogunduliwa mle, hata kile cha bahati, kimetoka katika maandishi ya mtu mwingine. Bua la mpapai halikuandikwa na mtu.

Nchi tajiri ziliona mapema kwamba mtoto anahitaji vitu vya kushika kwa mikono. Mwaka 1943 huko Emdrup, pembezoni mwa Copenhagen, ulifunguliwa uwanja wa watoto uliojazwa mbao mbovu, matofali na vyuma vikuukuu kwa makusudi, kwa wazo la msanifu wa bustani C. Th. Sørensen, aliyeona kwamba watoto walipenda zaidi kucheza katika maeneo ya ujenzi na majalala kuliko katika viwanja alivyowapangia. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu wa mtoto hutegemea wingi wa vitu vilivyolegea vinavyomzunguka, vitu anavyoweza kuvihamisha, kuvifunga na kuvifungua, na kwamba watu wazima wamewanyang'anya watoto raha hiyo kwa kuwapangia kila kitu. Huko iligharimu fedha na mabishano kuwarudishia watoto takataka. Rudewa ilikuwa nazo bure, na ikaziita takataka tu.

Hapo ndipo lawama inapoanzia, na haiwezi kuwekwa mlangoni kwa mtu mmoja. Mzazi anayesema achana na uchafu huo ukasome anamtakia mwanawe mema. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilikuwa la haki. Mifereji ilikuwa imeziba na mifugo ilikuwa inakufa. Lakini mifuko ile ya rambo ndiyo iliyokuwa nyama ya mpira wa chandimu, iliyoviringishwa tabaka juu ya tabaka na kukazwa kwa kamba za katani, na hakuna aliyeuliza watoto watafanya nini. Nyaya na vyuma vimepata mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Dukani kuna magari ya plastiki ya rangi kali, bei ndogo, ambayo hayafunguki. Yakivunjika yanatupwa, na ndani yake hamna cha kujifunza kwa sababu hakuna kilichofungwa kwa mkono. Na simu imo mkononi mwa kaka, ina michezo ambayo mtoto anabonyeza tu na kupewa sarafu za uongo.

Shule nayo ina sehemu yake. Nchi hii ilitangaza Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na mtaala wa shule za msingi ulikuwa na somo la Stadi za Kazi. Sasa sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na taifa zima linazungumza juu ya vijana wenye ujuzi wa mikono. Ni jambo jema kabisa. Wilaya yenyewe ya Kilosa ina chuo cha VETA huko Mikumi. Kinachouma ni kwamba yule anayetafutwa kwenye mkondo wa amali akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa tayari na bushi, springi na kiungo cha usukani akiwa na miaka tisa, na gari lake lilipoingia uwanja wa shule lilichukuliwa na kutupwa juu ya paa la stoo. Hakuna mwalimu aliyemwomba asimame mbele ya darasa aeleze kwa nini jiwe linawekwa mbele. Alipofika kwenye mada ya mashine sahili, akachorewa ubaoni nyenzo na kapi, hakujua kwamba anazungumziwa yeye.

Ufundi mwingine una wazee wake. Mchonga mtumbwi au msuka ukili akizeeka, bado kuna miaka ya kumwuliza. Huu hauna mzee. Aliyeujua kwa miaka minne au mitano huuacha akifikia umri wa kuona haya kusukuma gari la waya mbele ya wasichana, na wakati huo mdogo aliyekuwa akimtazama lazima awe amekwisha kuona ya kutosha. Mnyororo wake ni mfupi kuliko wa ufundi wowote mwingine, na pengo la miaka mitano linatosha kuukata. Vijana wa Rudewa waliojua kukunja ile kulabu sasa wako kwenye bodaboda, wengine wamekwenda Morogoro na Dar es Salaam, na wachache kati yao wamewahi kufikiri kwamba walikuwa na kitu cha kurithisha. Wadogo zao wana magari ya plastiki yaliyokatika ekseli, na spoku za baiskeli zimejaa kijijini, wala hakuna aliyewaonyesha kwamba kimoja kinaweza kuponya kingine.